Ghala la Nyimbo Katika Kompyuta Kuukuu

Yuko mtu asemaye kwamba kompyuta iliyopitwa na wakati ni takataka, na wako wengi wamwaminio. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa programu yake ya Windows 10, na siku hiyo mashine nyingi zisizo na kosa lolote zilihukumiwa kufa kwa sababu hazikuweza kuipokea programu iliyofuata. Hakimu katika shauri hili ana ndugu auzaye mashine mpya. Hukumu kama hiyo haistahili kutiiwa hata mjini, sembuse Bashay, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, ambako fedha ya mkulima hupatikana baada ya mavuno na haipotezwi kwa kununua mara ya pili kitu ambacho tayari kimo nyumbani. Ulimwengu una taka za kutosha. Mwaka 2022 pekee, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, taka za vyombo vya umeme na elektroniki zilifika tani milioni 62, na katika hizo ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kushughulikiwa kama ilivyopasa.

Kompyuta iliyoshindwa na kazi mpya haikushindwa na kazi zote. Kuusoma wimbo katika diski na kuupeleka kwenye spika ni kazi nyepesi mno; mashine ya mwaka 2010 huifanya nayo imesinzia. Basi mashine hiyo na ifanywe ghala la nyimbo za nyumba nzima, ikae pembeni usiku na mchana, na kila mwenye simu humo ndani achote apendacho.

Wanaoikejeli rai hii wana jawabu moja walionalo fahari: nyimbo zote zimo katika intaneti, ya nini kuzirundika nyumbani? Jawabu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo ipotoshayo. Spotify ilifungua mlango wake Tanzania mwaka 2021. Lakini mtu alipaye ada ya mwezi hanunui wimbo, amepanga. Ada ikikatika, nyimbo alizodhani kwamba amezihifadhi humnyamazia, hata kama simu ingali mkononi mwake. Tena kodi hii ina wenyewe wawili, maana kila wimbo upitao hewani hula kifurushi, na mwenye mtandao hangoji mavuno. Mkulima wa vitunguu saumu, ambaye huvuna kwa msimu, anadaiwa kila mwezi kama karani mwenye mshahara. Ni vigumu kuuona ustaarabu ulio katika mpango huo.

Tena, je, zimo zote? Hazimo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizinasa bendi za muziki wa dansi katika maelfu ya tepu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haijapata kuuzwa katika duka lolote, la mtaani wala la hewani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 iko leo Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Ilihifadhiwa vyema, na shukrani ni haki yake. Hata hivyo mjukuu wa mwimbaji akitaka kuisikia sauti ya babu yake, sharti aombe ng'ambo ya mipaka mingi. Na hao ni waliobahatika kunaswa.

Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka na waliohudhuria humwitikia. Wataalamu wa lugha wameiandika na kuichambua katika vitabu vyao. Lakini karatasi haina pumzi wala kitikio, na sauti yenyewe, pale kijana alipokumbuka kuinasa, huishi katika simu yake, ndani ya kadi ndogo kuliko ukucha. Simu huibwa, huanguka majini, huuzwa. Kadi hufutwa kibandani ili zipate nafasi nyimbo za wiki hii. Mzee husema mara moja, kisha umri humchukua. Wanaodai kwamba simu inatosha wangefaa kuulizwa ni simu ngapi wamekwisha kupoteza, na ndani yake mlikuwa na nini.

Hapo ndipo ukimya unapodai haki yake. Mtu asikilizaye muziki wa dansi kwa sauti kubwa hausikii mvumo wa feni. Amsikilizaye mzee akivuta pumzi kati ya ombi na ombi atausikia, na utamchukiza, hata mwishowe ataizima mashine na kuisahau. Kelele ya kompyuta kuukuu hutoka mahali pawili: katika feni na katika diski izungukayo. Diski hiyo itolewe, itiwe ya SSD, ambayo haina kitu cha kuzunguka. Vumbi lisafishwe, grisi ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa ifutwe na kupakwa mpya, maana feni hupiga kelele kwa sababu ya joto. Feni kubwa iendayo polepole ni tulivu kuliko ndogo iendayo mbio. Programu ya Linux, iliyoanza mwaka 1991, hupatikana bila malipo, na juu yake huwekwa programu ya kugawa nyimbo, kama Navidrome. Ruta ndogo hutosha kuzifikisha kwenye simu za nyumbani, hata siku ambayo hakuna intaneti kabisa. Fundi awezaye kubadili kioo cha simu hashindwi na kazi hii.

Si kila kongwe lastahili heshima hiyo, lakini. Mashine ya mezani yenye Pentium 4 hula umeme kwa pupa na hunguruma; na ipumzishwe. Iliyo bora ni kompyuta ya mkononi ambayo kioo chake kimevunjika na hakuna aitakaye. Ikitumia wati 15 usiku na mchana, kwa mwezi hula uniti 11 hivi, na betri yake, kama ingali nzima, huishikilia umeme ukatikapo. Betri iliyovimba itolewe mara moja, maana huweza kuwaka moto.

Kuhusu namna ya kuhifadhi, ubahili ni adui. MP3 huufanya wimbo kuwa mdogo kwa kuitupa sehemu ya sauti. FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, huupunguza karibu nusu bila kutupa chochote. Diski ya gigabaiti 500 hubeba kwa FLAC zaidi ya saa elfu moja za muziki. Sauti ya mzee haina sababu ya kukatwa pembe.

Wako pia waonao kwamba ghala hili ni maficho ya wizi. Shutuma hiyo haipuuzwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na msanii ana tumbo kama mtu mwingine. Kompyuta kuukuu haimpi mtu ruhusa ya kuzoa jasho lake. Yaliyonunuliwa na yaingie, na yaliyonaswa kwa idhini ya msemaji yaingie. Slufay iliyosemwa mbele ya watu maalumu na ibaki kwao, isirushwe kila upande kwa kuwa tu mashine yaweza. Na katika jambo hili ghala lililo nyumbani lina adabu kuliko intaneti, maana mlango wake una mwenyewe wa kuufunga.

Limebaki jambo moja ambalo wapenzi wa mashine hulisahau kuliko wote. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika upande wa mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Katika nyumba zile hakuna ajuaye ni sauti zipi zilikwenda pamoja na wenyewe. Nakala ya pili ya ghala, katika diski ya kuchukulika, ikae katika nyumba nyingine, ng'ambo ya kilima ikiwezekana, na irudishwe kila mwezi kuongezewa yaliyonaswa.