Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: nani aliagiza mianzi ing'olewe?

Ndugu Mkurugenzi,

Suala la mianzi ya kando ya kijito chetu unalifahamu; barua ya serikali ya mtaa ilipigwa muhuri wa kupokelewa masijala kwako, kwa hiyo sirudii historia. Nakuandikia hadharani kwa sababu chumba changu cha uani hakipo tena. Kimekwenda na maji ya masika. Ukingo uliokishika ulianza kwenda siku kijiko chenu kilipoteremka kusafisha mto kikang'oa kila kilichoota.

Kilichoota tulikipanda sisi. Kikundi chetu, akina mama wa mtaa na vijana wa bodaboda, kilichanga fedha za miche ya mianzi, kikaongeza matete na majani ya vetiva, kikamwagilia kwa ndoo kiangazi chote. Mizizi ya mianzi hutambaa na kushikana ardhini kama mkeka: maji yanapita, udongo unabaki. Kwa misimu kadhaa ukingo haukumegeka. Watoto walipata kivuli, na watu waliacha kutupa taka pale. Kijiko kilimaliza yote asubuhi moja, mwenyekiti wa mtaa hana habari, na mchanga ukapakiwa kwenye malori ukaondoka.

Sasa ukingo unamegeka kila mvua inaponyesha. Umekula chumba nilichokuwa nikipangisha, ambacho kodi yake ndiyo iliyokuwa ada ya binti yangu. Umekula choo cha jirani. Unaikaribia nguzo ya umeme. Na udongo huo hauishii kwetu: kijito kinaingia Mto Msimbazi, Msimbazi unaushusha hadi Jangwani, ambako mto umejaa tope hata mvua kubwa ikinyesha barabara inafungwa na mwendokasi unasimama. Serikali imekopa Benki ya Dunia dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na sehemu ya kazi ni kuchimba tope hilo. Tope hilo ni ukingo wetu, Ndugu Mkurugenzi. Huku juu mnaliteremsha, kule chini taifa linakopa ili tope lizolewe.

Najua nitajibiwa kwa mita 60 kutoka mtoni, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani yake. Nimeisoma. Mita hizo zimewekwa kuulinda mto, na kijiko kilichimba ndani ya mita hizo hizo.

Tuambieni nani aliagiza, na mchanga ulipelekwa wapi. Ujengeni ukingo kwa gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, kabla ya vuli. Mianzi tutapanda wenyewe. Na kijiko kisishuke tena mtoni kabla mkutano wa mtaa haujakaa.

Ofisi za umma katika jiji hili huupenda mti siku ya kuupanda tu. Kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, miche hupandwa mbele ya kamera, viongozi wakaondoka, na wa kumwagilia hajulikani. Barabara ikipanuliwa, miti iliyokomaa huangushwa bila mkazi hata mmoja kuulizwa. Wananchi wakipanda kwa jasho lao na miti ikashika, mnaihesabu kuwa vichaka.

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi jioni katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mtume mhandisi wako aje auone ukingo, na aje na jina la aliyesaini.

Mkazi na mwanakikundi,
Dar es Salaam