Kivu Kaskazini: mtihani wa kuingia udaktari hauwatendei haki wahami

Mwanafunzi mhami amefaulu mtihani wa taifa, diploma iko mkononi, lakini kwenye baadhi ya vyuo anaambiwa afanye mtihani mwingine ili aingie fakulte ya udaktari. Wakuu wanajibu kwamba karatasi ni moja kwa wote. Ndiyo, karatasi ni moja. Yule wa mjini alisomea kemia kwenye maabara. Huyu wa Masisi alisomea ndani ya hema Bulengo, hadi kambi ikavunjwa Februari 2025, madaftari yakabaki njiani. Kisha anaitwa hana akili!

Kweli, daktari asiyejua kuhesabu dawa anaua. Lakini hesabu hiyo inafundishwa. Vyuo vifungue mwaka wa maandalizi, wahami waingie bila malipo, ndipo wapimwe.