Vikasha vya majani chai vya kale vyaanika pengo katika vita vya kulinda wanyamapori

MKENYA akisikia mnada wa chai, fikira zake huelekea Mombasa, ambako majani kutoka Kericho, Nandi, Murang'a na nchi jirani huuzwa kila wiki. Uingereza, ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa majani hayo, ina mnada mwingine unaohusiana na chai lakini ambao hauuzi hata jani moja.

Kinachogombewa huko ni vikasha ambavyo Waingereza wa karne za 18 na 19 walivitumia kuhifadhi majani chai sebuleni. Ni vijisanduku vyenye kitasa na ufunguo, vingine vya mahogani, vingine vya fedha, vingine vimefunikwa kwa magamba ya ng'amba, na baadhi ya vile vya kifahari kabisa vimevishwa pembe za ndovu kuanzia kifuniko hadi miguuni.

Nyenzo hizo mbili za mwisho ndizo zinazofanya biashara hii, inayodhaniwa kuwa burudani ya wastaafu wa Ulaya, kumhusu msomaji wa Nairobi au Malindi. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikisisitiza kwamba soko halali la pembe, liwe dogo namna gani, huwa kivuli cha soko haramu. Uingereza ilikuja kukubali hoja hiyo kwa sheria iliyoanza kutekelezwa Juni 6, 2022. Kikasha cha majani chai kinaonyesha vizuri kuliko vitu vingi mahali sheria hiyo inapobana na mahali ilipoacha mlango wazi.

Kitasa cha kikasha hakikuwekwa kwa ajili ya urembo. Chai ilipoingia Uingereza katika karne ya 17 ilikuwa bidhaa ya matajiri, na serikali iliitoza ushuru mkubwa ambao kufikia mapema miaka ya 1780 ulikuwa umefika asilimia 119. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeshika ufunguo, akapima majani mwenyewe mbele ya wageni, na mtumishi hakuruhusiwa kugusa. Ndani mlikuwa na vyumba viwili, kimoja cha chai ya kijani na kingine cha chai nyeusi, na mara nyingi katikati palikaa bakuli la kioo. Hata jina la Kiingereza la kikasha hicho lilitokana na kati, kipimo cha Wamalay cha takriban gramu 600.

Mnamo 1784 serikali ya William Pitt ilishusha ushuru huo hadi asilimia 12.5 ili kuwavunja nguvu wafanyamagendo. Ajabu ni kwamba vikasha vingi vya fahari, vyenye pembe nane au kumi, na vile vilivyochongwa mfano wa tunda la pea au tufaha, vilitengenezwa baada ya hapo, wakati ambapo kuiba kijiko cha majani hakukuwa tena na faida ya kutajika. Kitasa kilibaki, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha.

Ndovu aliyetoa pembe ya kikasha fulani hawezi kutambulika kwa macho leo. Huenda aliuawa Afrika Magharibi, au bara Hindi, au pembe yake ilibebwa mabegani na wapagazi hadi pwani ya Afrika Mashariki kisha ikapitia Bombay kabla ya kufika London. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe katika upande huu wa Afrika, na misafara ya kina Tippu Tip ilifika hadi misitu ya Kongo kuitafuta. Ng'amba naye ana historia ndefu zaidi. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza tayari unataja magamba ya kasa na pembe za ndovu kuwa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani hii.

Msimamo wa Kenya haukutokana na nadharia. Mnamo 1973 nchi ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki karibu 16,000. Mwezi Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi, na miezi mitatu baadaye nchi wanachama wa mkataba wa CITES zikapiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Hata baada ya hapo milango ilifunguliwa kwa vipindi. Mnamo 2008 Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe ziliruhusiwa kuuza zaidi ya tani 100 kwa wanunuzi kutoka Uchina na Japani. Kenya ilijibu kwa vitendo Aprili 30, 2016, Rais Uhuru Kenyatta alipowasha moto ulioteketeza tani 105 za pembe. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280.

Wakati huo wote vitu vya kale viliendelea kuuzwa bila kusumbuliwa. Takwimu za CITES za kati ya 2010 na 2015 ziliiweka Uingereza mbele ya nchi zote duniani kwa kuuza nje vitu halali vya pembe, na sehemu kubwa ilielekea Asia. Hoja ya wanaharakati ilikuwa nyepesi kuelewa: kipande cha pembe kilichochongwa jana na kupakwa majani chai kinaweza kuuzwa kwa jina la kipande cha miaka 200. Majani chai, kwa kweli, ni miongoni mwa rangi zinazotumiwa na walaghai kuzeesha pembe.

Sheria ya Pembe iliidhinishwa Desemba 20, 2018. Wafanyabiashara wa vitu vya kale walikimbilia mahakamani wakidai kwamba Bunge limevuka mipaka. Walishindwa katika Mahakama Kuu Novemba 2019, wakashindwa tena katika Mahakama ya Rufaa Mei 2020. Mtu akinunua au kuuza pembe kinyume na sheria hiyo anaweza kufungwa jela hadi miaka mitano au kutozwa faini isiyo na kikomo. Ifahamike kwamba mnunuzi hajaachwa nje. Kununua ni kosa sawa na kuuza.

Hata hivyo, sheria ina vitu ilivyovisamehe, na hapo ndipo hesabu ya kikasha inapoanza. Kitu kilichotengenezwa kabla ya Machi 3, 1947 kinaweza kuuzwa iwapo pembe iliyomo ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake na ni sehemu ya kitu chenyewe. Mwenyewe hukisajili kwa ada ya pauni 20. Kitu cha kabla ya 1918 chenye pembe nyingi zaidi kinahitaji cheti maalumu kinachothibitisha kwamba kina thamani ya kipekee kisanaa, kitamaduni au kihistoria. Ombi la cheti hicho hugharimu pauni 250, na hukaguliwa na wataalamu wa makavazi yaliyoteuliwa.

Tuseme kuna kikasha ambacho mbao zake zina unene wa milimita nane, na juu yake kumebandikwa pembe yenye unene wa milimita moja na nusu. Nafasi tupu ya ndani haihesabiwi. Pembe hapo ni karibu asilimia 16 ya ujazo, kwa hivyo kikasha hicho hakiwezi kuuzwa bila cheti cha upekee. Kikasha cha mahogani chenye kipande cha pembe kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichozungushiwa tundu la ufunguo, kinapita kwa wepesi.

Lakini kupita huko kuna gharama. Katika minada ya mikoani, mbali na kumbi maarufu za London, kikasha cha kawaida cha enzi ya Malkia Victoria hupata chini ya pauni 100, kwani bei za samani za mbao nyeusi za kale zimeporomoka tangu mwanzoni mwa karne hii. Pauni 20 za usajili ni mzigo kwa kitu cha pauni 60. Tena usajili huo hauhamii kwa mnunuzi. Akitaka kukiuza mwaka ujao lazima alipe upya. Ni rahisi kuona kishawishi kinachozaliwa hapo: kuchukua bisibisi, kung'oa kipande cha pembe na kutia cha mfupa wa ng'ombe.

Malalamiko ya wafanyabiashara basi yana uzito usiolingana. Kuhusu vikasha vilivyovishwa pembe mwili mzima, hayana mashiko. Kitu cha aina hiyo kikiwa bora kweli kitapata cheti, na kisipopata, mwenyewe bado anaruhusiwa kukimiliki, kukirithisha au kukitoa zawadi. Hakuna anayemnyang'anya. Kuhusu tundu la ufunguo, wana hoja. Hakuna jangili wa Tsavo anayetegemea soko la vipande vya ukubwa huo. Ila Bunge lilitaka sheria ambayo polisi anaweza kuitekeleza bila kuwa mtaalamu wa samani, na sheria za namna hiyo huumiza kingo.

Pengo kubwa liko kwingine. Sheria ya 2018 ilihusu ndovu pekee. Mnamo Januari 2025 ilipanuliwa ikawaingiza kiboko, nyangumi muuaji, narwhal na nyangumi wa spermaceti, wote wakiwa wanyama wenye meno au pembe zinazochongwa. Ng'amba hana pembe. Magamba yake hayamo.

Ng'amba yuko katika orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia, na biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya CITES tangu miaka ya 1970, ingawa Japani iliendelea kuingiza magamba hadi mwisho wa 1992. Ni yule yule anayepatikana katika maji ya Kiunga na Watamu. Ndani ya Uingereza, kikasha cha magamba yake kilichotengenezwa kabla ya Machi 1947 huuzwa bila usajili, bila cheti na bila ada. Kinachotakiwa ni muuzaji aweze kuthibitisha umri wake, na mara nyingi uthibitisho huo huwa ni kauli ya mtaalamu wa jumba la mnada, ambaye jumba lake hulipwa kamisheni kitu kikiuzwa.

Matokeo yake yanaonekana katika orodha za minada. Kikasha cha pembe tupu hutangazwa kwa tahadhari na nambari zake za cheti. Cha magamba hupambwa kwa picha za rangi, na bei yake huanzia mamia ya pauni hadi maelfu. Aliyekuwa akitafuta kikasha cha anasa na akaogopa karatasi za pembe, ana pa kukimbilia.

Wanaotetea hali hiyo husema kwamba magamba ya zamani ni vigumu kuyaiga, kwani hupauka, hupinda na kupasuka kwa namna inayojulikana. Kuna ukweli katika hilo. Lakini lilisemwa pia kuhusu pembe, na halikuwazuia walaghai. Vikasha vya umbo la pea, ambavyo havina mnyama ndani yake, viliigwa kwa wingi katika karne ya 20 kwa sababu ya bei tu. Wanunuzi wazoefu huvipindua na kutazama skrubu: za kabla ya katikati ya karne ya 19 zilikatwa kwa mkono na mfereji wake mara nyingi hauko katikati. Kitasa kinachong'aa ndani ya mbao zilizochakaa huwatia shaka papo hapo. Pembe ya kweli ikikatwa huonyesha mistari inayopishana. Mfupa huonyesha vitone vidogo vya mishipa ya damu.

Kwa Mkenya anayevutiwa, mtandao umemwezesha kupandisha bei akiwa kwake South B. Akumbuke kwamba nyundo ikigonga kwa pauni 1,000, hiyo siyo atakayolipa. Tangu Christie's na Sotheby's zilipoanzisha kamisheni ya mnunuzi mnamo 1975, ikiwa asilimia 10, imepanda hadi robo ya bei au zaidi katika majumba mengi. Kwa asilimia 25, pamoja na ushuru wa VAT wa asilimia 20 juu ya kamisheni hiyo, pauni 1,000 huwa 1,300 kabla ya usafirishaji.

Usafirishaji wenyewe ndio mtego. Msamaha wa magamba ya kabla ya 1947 huishia katika mipaka ya Uingereza. Kikasha cha magamba au cha pembe kikivuka bahari bila vibali vya CITES, huwa ni nyara kama nyara nyingine yoyote, na risiti ya mnada haitamwokoa mwenye mzigo mbele ya maafisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Cha mahogani kisicho na pembe hata kwenye tundu la ufunguo hakina tatizo hilo, na ndicho kinachouzwa kwa bei ya chini kabisa.