MASOMO YA KAZI SI ZAWADI YA WENYE VIUNGO KAMILI



Kwa kila mfanya kazi, tajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi ziende katika mfuko wa mafunzo ya viwanda. Mwenye mikono miwili ahesabiwa shilingi 50. Mwenye mkono mmoja naye ahesabiwa 50, hakatwi nusu. Basi mbona siku ya kuchagua watu wa kwenda masomoni jina lake halionekani?

Sisi wa reli twajua mambo haya, maana kazi yetu yenyewe hutia watu ulemavu. Behewa hukata mguu. Kelele za karakana huziba masikio. Mtu akiumia hulipwa fidia, halafu huwekwa langoni au stoo, akae huko mpaka uzee. Kupanda cheo kwataka cheti, na cheti chataka masomo, na masomo hapelekwi. Mtu huyo ameumizwa mara mbili: kwanza kwa chuma, kisha kwa kalamu.

Wakubwa wengine hawakatai kwa mdomo. Karo hulipa, lakini darasa liko orofa ya tatu bila lifti, na mwalimu husema na kiziwi kama asemaye na ukuta. Hicho ni chakula kilichowekwa darini, na mwenye njaa aambiwa, "Umekwisha pewa."

Watasema vyombo havipo. Udhuru huo ulikwisha jibiwa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kampuni ya Safaricom ilimbagua kijana asiyeona aliyeomba kazi, akanyimwa kwa sababu ya mitambo. Ikaamriwa alipwe shilingi 500,000. Ikiwa udhuru huo haukufaa kwa mtu aliye mlangoni, utafaaje kwa mtu aliyekwisha kuwa kazini?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, yakataza ubaguzi kwa ajili ya ulemavu katika kuandika watu, katika mafunzo na katika kupandisha cheo. Mashtaka yakifika, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Tena Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Kutoka stesheni mpaka Bungeni ni mwendo mfupi wa miguu. Kifaacho kwa mbunge, kwa nini kisimfae fundi?

Wajumbe wa matawi, sheria haitembei yenyewe. Mkataba ukija mezani tudai haya:

1. Orodha ya wanaopelekwa masomoni ibandikwe ukutani, wote waione.
2. Gharama ya mkalimani, maandishi ya Breli na usafiri ihesabiwe pamoja na karo.
3. Aliyeumia kazini asomeshwe kazi nyingine kabla ya kutupwa langoni.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Na behewa halichagui mguu.

Mfanya kazi wa Reli,
Nairobi