Gereza Lisilo na Mfungwa

Katika visiwa vidogo vilivyouzunguka Mji Mkongwe wa Unguja, hapana kinachotembelewa kama Changuu, wala hapana kinachosingiziwa kama hicho. Mgeni hajamaliza kunywa dafu lake pale Forodhani ila papasi amekwisha kumzonga na kumwahidi mambo matatu: gereza la watumwa, kobe wenye umri wa karne mbili, na maji yenye rangi ya feruzi. Ni mwendo wa nusu saa kwa mashua, picha chache, kisha kurudi. Wenyeji waliosoma, kwa upande wao, hucheka. Husema kuwa Changuu ni mtego wa watalii, na kwamba mwenye akili na abaki mjini. Basi wapo wanaokiuza kisiwa bila ya kukijua, na wapo wanaokidharau bila ya kukijua. Makundi haya mawili huonekana kugombana, kumbe yamekwisha kukubaliana kwamba pale hapana kitu ila mandhari.

Kosa la kwanza ni hilo gereza. Mwaka 1893 kisiwa kiliingia mikononi mwa Lloyd Mathews, mwanamaji wa Kiingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza katika serikali ya Sultani, na ndipo likajengwa jengo la kuwafungia wahalifu. Jengo lilisimama, milango ikatiwa, na mfungwa hakuletwa hata mmoja. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo, katika zama za Sayyid Majid aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1870, kisiwa walipewa Waarabu wawili waliokitumia kuwaweka watumwa wakaidi. Simulizi hiyo ina haki ya kusikilizwa na kuchunguzwa. Lakini kuta anazoonyeshwa mgeni leo si za zama hizo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 20 kabla ya Mathews. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897, na mahali pa kuusimulia papo: ni Mkunazini, lilipokuwa soko hilo. Anayesimama mbele ya kuta za Mathews akasimulia minyororo ambayo haikufungwa hapo, hawaombolezei watumwa. Anawauza mara ya pili.

Kilichofanyika Changuu ni kikubwa kuliko kinachobuniwa. Pahala pa wafungwa waliletwa wagonjwa, na pamoja nao wasafiri wazima waliodhaniwa kuwa wamebeba maradhi. Kisiwa kikawa karantini. Bandari ilikuwa na sababu ya kuogopa, kwani kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu mjini Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwapo, alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Kisha mwaka 1896 tauni ikazuka Bombay, na bahari ya Bombay na bahari ya Unguja ni moja: pepo zilizoleta nguo na mchele ziliweza kuleta na mauti.

Na afikiriwe basi msafiri wa wakati ule. Amekaa majini siku nyingi, kisha anateremshwa Changuu. Mbele yake, ng'ambo ya maji kidogo tu, anauona mji: mapaa yake, misikiti yake, na Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, iliyokuwa ikitawala ufuo mzima kabla sehemu yake kubwa haijaporomoka mwezi Disemba 2020. Jamaa zake wako kule, naye haruhusiwi kuvuka. Anahesabu siku, na kila asubuhi anajigusa paji la uso kuona kama ana homa. Ushairi wa mwambao umejaa bahari, kuagana na kungoja. Ni malenga wangapi walioitungia karantini hii? Mwaka 2020 dunia nzima ilijifunza maana ya neno hilo. Changuu ilikuwa ikilijua zaidi ya karne moja nyuma, na hakuna aliyekwenda kuiuliza.

Wapo na kobe. Mwaka 1919 waliletwa wanne kutoka Ushelisheli, zawadi ya serikali kwa serikali, nao asili yao ni kisiwa cha Aldabra. Walizaana wakawa wengi, kisha wakaibwa na kuuzwa hata katika miaka ya 1990 walibaki wa kuhesabika, ikabidi wajengewe uzio wa kuwalinda. Leo wanaandikwa umri mgongoni kwa rangi, na mgeni huwapa majani huku akitazama kamera. Nao ni wasafiri walioshushwa pale bila ya kuulizwa. Anayewaona ni vichekesho vya watoto hajaona kitu.

Liko na suala la jina. Changuu ni jina la samaki, jina walilolitoa wavuvi kwa wanachokijua. Prison Island ni jina la kuuzia tiketi. Ajabu ni kwamba hata vijana wa Malindi na Shangani sasa hulitamka hilo la pili mbele ya Waswahili wenzao. Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Na hapa asili imeachwa kwa ajili ya gereza ambalo hata wafungwa lilikosa.

Atasema mtu: jina ni biashara, na wenye mashua wana watoto wa kulisha. Ni kweli, wala lawama si yao. Mwenye mashua huuza alichopewa. Lawama ni ya waliosoma, wenye kalamu, ambao walikiacha kisiwa kisimuliwe na wapitaji kisha wakakicheka kwa kusimuliwa vibaya. Habari ya mama aliyefika kutoka Bombay na mwana mikononi, akawekwa kuangalia mji asioweza kuufikia, haimpunguzii mwenye mashua abiria hata mmoja. Huenda ikamwongezea.

Je, Changuu inastahili safari? Inastahili, na wa kwanza kuifunga safari hiyo wawe watu wa Unguja wenyewe. Skuli na ziwapeleke wanafunzi. Waongoza wageni na wafunzwe miaka na majina, na maelezo yawekwe kwa Kiswahili, ya karantini yakitangulia ya gereza. Washairi nao wavuke, wasiende adhuhuri pamoja na kamera, bali alasiri mashua zinapoondoka. Wakae upande unaoelekea mji, wautazame mpaka taa ziwake, kama walivyoutazama wale waliokatazwa kuufika.