Kupe wa Dizeli

MEZA YA KAHAWA
Na Bin Rajabu

Kijana wa sheli alishachomoa bomba la petroli nilipomwahi. "Dizeli," nikamwambia. Akalitazama gari kutoka taa hadi mkia, kisha akanitazama mimi. "Mzee, kweli hili la dizeli?" Nikamfungulia kifuniko cha tangi asome mwenyewe. Alitia, lakini kwa uso wa mtu aliyetumwa kumpelekea bi harusi dona kwa dagaa.

Simlaumu. Hapa kwetu dizeli ni ya Fuso, ya Canter, ya Land Cruiser ya mradi na ya jenereta la ukumbini. Gari la chini, la milango miwili, lenye paa lililopinda kama mgongo wa pomboo, halitegemewi kunywa kinywaji cha malori. Magari yetu madogo mengi hutoka Japani, na huko dizeli iliharibiwa jina mapema. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alikuwa akitikisa chupa ya masizi mbele ya waandishi wa habari, na Oktoba 2003 jiji lake likayafungia barabara malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi kipimo.

La kwangu lilipitia Uingereza. Ni Mercedes E 250 CDI ya mwaka 2011, ya umbo ambalo Wafaransa waliliita coupé, yaani lililokatwa, tangu enzi za magari ya farasi. Kulitamka kwa Kiswahili ndiko kunakoniponza, maana linakuwa kupe. Majirani wamelidaka jina hilo kwa mikono miwili. "Kupe wako kakunyonya kiasi gani mwezi huu?" ndiyo salamu yangu barazani.

Utani ukiisha, wananiuliza: gari la namna hii kwa nini nalipeleka sokoni? Si likae uani chini ya turubai, litoke siku za harusi, na kazini niende na IST kama wenzangu?

Nyumbani kwa mama kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake sahani za maua, dazeni nzima. Sisi tulilia sahani za bati. Zile za maua zilikuwa za wageni, ila kila mgeni aliyekuja alionekana bado hajafikia cheo hicho. Mama alipofariki tuligawana sahani zile zikiwa na karatasi za dukani chini. Tangu hapo sina subira na kitu kizuri kinachongoja mgeni.

Kwa hiyo kupe anabeba mchele wa Kariakoo, anapeleka wajukuu shule, na Ijumaa anampeleka mama mkwe kliniki. Siku ya kwanza alipoketi mbele, kijimkono cha plastiki kilijitokeza begani kumletea mkanda, kama yalivyo magari haya. Mama mkwe akaruka. "Mwanangu, nani huyo nyuma?"

Ni katika kazi hizi za kila siku ndipo dizeli inapojitetea. Injini ni ya silinda nne, lita 2.1 tu, lakini inatoa msokoto wa nyutoni mita 500 kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika, yaani mguu haujakanyaga sawasawa. Mlima Kitonga inaupanda bila kuhema. Hata lile paa la maringo lina kazi yake: toleo hili lilipotoka mwaka 2009, kipimo chake cha ukinzani wa upepo kilikuwa 0.24, na magari machache sana ya wakati huo yalikifikia. Tangi moja linanifikisha Dodoma na kunirudisha Chalinze. Asubuhi, injini ikiwa baridi, inagonga kama Canter, sikatai. Lakini nikipandisha vioo kelele inabaki nje, na huko nje wapo wale wale majirani.

Sasa niseme lililonitoa jasho. Kwenye njia ya moshi kuna chujio la masizi. Masizi yale hayafagiliwi, yanaunguzwa, na ili yaungue joto linatakiwa lifike kama nyuzi 600. Joto hilo hulipati Ubungo saa moja asubuhi. Miezi minne mfululizo nilikwenda Mbezi hadi Posta na Posta hadi Mbezi, foleni kwenda, foleni kurudi, mpaka taa ya chujio ikawaka na gari likagoma kuvuta. Kosa lilikuwa langu: nilinunua farasi wa masafa nikamfunga kamba mnazini.

Fundi wa kwanza hakupoteza muda. "Bosi, tuling'oe tu hilo dude. Hapa nani anapima?"

Nilikaribia kukubali. Kisha nikawakumbuka watoto wa shule wanaobanana vituoni, pua zao sawa na bomba za moshi. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 2012, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Mafuta nayo si kisingizio tena, kwani tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Isitoshe, najua magari kama langu yanakimbia nini. London, tangu Aprili 2019, dizeli isiyofikia Euro 6 inalipa pauni 12.50 kwa siku ikiingia eneo la hewa safi, na la kwangu ni Euro 5. Wenzetu wameukataa moshi huu ukiwa umechujwa. Mimi niwavutishe watoto wa Mbezi usiochujwa?

Chujio limebaki. Dawa yake ni safari: kila baada ya Jumamosi mbili naingia njia nane za Kimara hadi Kibaha, nasonga mpaka Chalinze, nimeshusha gia moja ili mizunguko isianguke chini ya 2,000, masizi yakiungua huko chini. Narudi na mananasi.

Mwezi wa kwanza mke wangu alielewa. Mwezi wa tatu akauliza chujio hilo lina watoto wangapi Chalinze. Siku hizi tunakwenda wote, vioo vinne vimeshushwa, na ubavuni hakuna nguzo ya kuuzuia upepo. Mananasi anachagua yeye.