Samaki wa Diani, maji ya Thika si bahari

Vijana wengi wa Pwani wameletwa Thika na Ruiru na chuo ama kibarua. Baadhi yao wanajua maji kweli: wameogelea Nyali tangu utotoni, wengine wameteleza na ubao juu ya mawimbi ya Diani. Jumapili ikifika, mabeshte wa huku wanasema twendeni timbo tukajibambe. Na kwa vile yeye ndiye "samaki" wa kikundi, yeye ndiye anaruka wa kwanza.

Tuambiane ukweli: kuogelea Pwani hakukupi leseni ya maji ya bara.

Bahari ya Mombasa haipoi sana, mara nyingi iko kati ya nyuzi 25 na 29. Thika na Ruiru ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Julai hewa ya usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Mito ya Chania na Thika inateremka kutoka milima ya Nyandarua. Timbo nalo linadanganya: juu maji yamepashwa na jua, chini yana baridi kali. Ukijirusha kutoka ukutani, unapitiliza hadi kwenye ile baridi.

Mwili ukishtuliwa na baridi ghafla, unavuta pumzi kwa nguvu bila kukuuliza. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Kisha unahema mbiombio kwa dakika moja hivi na moyo unadunda. Si lazima maji yawe barafu. Mshtuko huu unaweza kuanza hata kwenye maji ya nyuzi 20, na unazidi kadiri yanavyopoa. Ukikaa sana, mikono inaisha nguvu. Isitoshe, maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama bahari, kwa hivyo unazama kidogo zaidi ya ulivyozoea.

Wanaoteleza mawimbini kule Ireland na Scotland huvaa suti nene za mpira, hata wakiwa mabingwa. Hakuna anayewaita waoga. Huku kwetu, msee akigusa maji kwanza kwa mguu anachekwa. Kicheko hicho kinaua.

Basi, kama lazima uingie, ingia polepole. Lowesha uso na shingo kwanza. Usiruke mahali usipojua kina wala mawe yaliyo chini. Baridi ikikushika, usipigane nayo: lala chali, elea, ngoja pumzi irudi, halafu ndio uogelee. Bebeni jerikeni tupu lenye kifuniko na kamba. Mtu akizidiwa, mrushieni hilo badala ya kumfuata majini. Na ukishapiga kinywaji, kaa kando.

Lakini tusiwabebeshe vijana lawama yote. Haya matimbo hayakujichimba. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka anayeomba leseni ya kuchimba aonyeshe mpango wa kukarabati ardhi akimaliza. Mbona basi tuna mashimo yaliyojaa maji karibu na mitaa tunayoishi, bila ua wala hata kibao cha onyo? Mwenye timbo alishauza mawe yake, akaondoka. Kaunti ya Kiambu inafaa imfuate alizungushie ua ama alifukie. Na ijenge bwawa la umma ambalo kijana asiye na pesa za hoteli anaweza kuogelea huku mwokoaji akimwangalia. Vijana hawaendi timbo kwa kupenda kifo. Wanaenda kwa sababu hakuna pengine.

Umoja wa Mataifa ulitenga Julai 25 kuwa siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Kwa Thika na Ruiru, siku hiyo inaangukia katikati ya msimu wa baridi. Kabla ifike, mtafute yule rafiki yako wa Pwani umwambie: ndugu yangu, hapa mchezo ni mwingine.